Mstari wa Pili

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa tano na robo asubuhi, Koleo alipokaza boliti ya mwisho ya uzio na kujikuta amejifungia nje ya maisha yake mwenyewe.

Hakugundua mara moja. Kwanza alifuta jasho, akachomeka spana kwenye mkanda, akaipiga nguzo mateke mawili, akaridhika kuwa haitikisiki. Ndipo akainua macho. Ng'ambo, nyuma ya uzio wa mashariki ambao mikono yake hiyo hiyo iliufunga jana yake jioni, alisimama Sindano. Mkononi alishika shati jeupe la Koleo, lile alilopewa amgeuzie kola, limekunjwa vizuri kama barua. Katikati yao kulikuwa na mtaro, tuta la zege, reli za kwenda na reli za kurudi, mtaro tena. Hatua hamsini, si zaidi.

"Sasa nipitie wapi?" Sindano aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuvuka.

Koleo alionyesha kwa mkono kule reli ilikopotelea.

"Zunguka darajani."

Sindano alicheka, akidhani ni utani. Daraja lilikuwa kilomita kumi na saba kwenda, na kurudi ni zizo hizo. Alipoona mwenzake hacheki, naye akaacha. Akalitazama shati, akamtazama yeye, akalikumbatia kifuani. Akageuka na kwenda zake bila kuaga.

Tangu saa ile Koleo hakupata pa kuukalisha mwili wake. Akikaa anasimama, akisimama anatembea, akitembea anajikuta uzioni.

Watu walimwita Koleo kwa sababu chombo hicho hakikumtoka kiunoni, ila marehemu mkewe alikuwa na maelezo yake. "Huyu akibana kitu haachii," alikuwa akisema. Mke huyo alifia njiani, kwenye barabara ambayo wakubwa waliiahidi lami tangu yeye ni mwari, na miaka miwili baadaye wakubwa wale wale wakaja na treni ya kumaliza nchi nzima kwa saa tatu. Koleo alipoajiriwa kufunga uzio hakukataa. Njaa haina kinyongo.

Ndipo akazoeana na Sindano. Mwembamba, mkali wa ulimi, cherehani yake ikilia barazani kwa baba yake tangu alfajiri. Kila mchana alivuka njia ya reli kumpelekea mzee chakula shambani, na kila mchana Koleo alikuwa na shati lililochanika. Mafundi wenzake walimtania. "Wewe nguo zako zinachanwa na seng'enge au unazichana mwenyewe?" Alizichana mwenyewe, mbili angalau. Sindano alijua, maana mchano wa waya ni mmoja na mchano wa mkono ni mwingine, lakini alishona akanyamaza, na siku alipomrudishia la pili alimwangalia machoni kwa muda ambao shati peke yake haliuhitaji.

Jumamosi ya wiki ile Koleo alikuwa aende nyumbani kwao na wazee wake, kumwomba rasmi. Shati jeupe lilikuwa la siku hiyo.

* * *

Treni za zamani zilikuwa na adabu. Zilipiga honi, mbuzi wakapisha, mtu akavuka na kikapu chake. Hii mpya haipigi honi kwa ajili ya mbuzi. Inakuja kama risasi, haipendi kona, haitaki geti, haitaki mtu wala kuku mbele yake, kwa hiyo ni lazima izungushiwe uzio pande zote mbili kutoka mwanzo wa nchi hadi mwisho. Hilo Koleo alilielewa. Ng'ombe mmoja akiingia njiani, abiria mia tano wanaenda naye. Asichoelewa ni kwa nini mwenye kuchora mstari mnyoofu hakujiuliza watu wa pande mbili watasalimiana vipi. Wakubwa wanajua kunyoosha reli. Kunyoosha mambo hawajui.

Lakini usiku na mchana kilichomkosesha raha hakikuwa uzio. Kilikuwa karatasi.

Mwaka uliotangulia, kabla hata ya jembe la kwanza, alikuja msimamizi wa mradi, mtu wa viatu visivyojua vumbi, ramani kwapani hata akienda msalani. Wakamwita Bwana Ramani. Alitaka mwenyeji wa kumtembeza nyumba kwa nyumba, mtu anayeaminika, akamchagua Koleo. Wakubwa wana akili hiyo. Wakitaka kukuchinja, wanaazima kisu kwa jirani yako.

Kwa baba yake Sindano walikaribishwa mezani. Mzee, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, aliuliza swali moja tu. "Nyumba yangu iko huku, shamba langu liko kule. Mkishapitisha hiyo treni, mimi nitavukaje?"

"Kivuko kipo," Bwana Ramani alijibu akiangalia saa. "Kimeandikwa."

Koleo aliishia darasa la nne. Kusoma kwake kulikuwa kwa kidole, silabi baada ya silabi, na mbele za watu hakuthubutu. Lakini siku ile Sindano alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake, na mwanamume akiangaliwa na mwanamke anayempenda hufanya mambo. Akaivuta karatasi. Akaweka kidole. *Ki. Vu. Ko.*

"Kipo, mzee!" akapaza sauti. "Kivuko! Nimekisoma mwenyewe!"

Mzee akatabasamu, akachovya gumba kwenye wino, akaliweka.

Neno lilikuwa mwisho wa mstari. Koleo alifurahi mno kulifikia, hakushuka chini. Mstari wa pili ulianza na maneno mawili: *cha maji.*

Aliyajua maneno hayo siku malori yalipoleta mabomba ya zege, makubwa kama mapipa. Alimfuata Bwana Ramani mbiombio. "Bwana mkubwa, kivuko cha watu kinajengwa lini?"

"Hicho hapo kivuko. Cha maji, mzee wangu. Mvua ikinyesha, maji yavuke." Hata hakuinua kichwa. "Cha watu kinataka michoro upya, miezi mitano. Unadhani treni inasubiri miezi mitano?"

Ilikuwa miezi mitatu nyuma. Koleo angeweza kusema. Angeweza kumwambia Sindano siku ile ile, akiwa anamfunulia bakuli kwenye tuta. Alijiambia watabadilisha. Alijiambia kesho. Akaendelea kusimika nguzo, moja baada ya nyingine, huku watu wa mashariki wakilaani wakubwa kwamba wamewaibia kivuko baada ya kusaini. Naye akalaani pamoja nao, sauti yake ikiwa ya juu kuliko zote.

* * *

Alhamisi, saa kumi alasiri, binti yake alimkuta anavaa viatu.

"Baba, unaenda wapi?"

"Kukagua uzio."

"Uzio umekwisha tangu juzi." Binti alikuwa amevaa sare mpya ya wakata tiketi wa stesheni, bluu yenye ukosi wa njano, na sare yenyewe ilishonwa na Sindano. Alikuwa anaujua mshono ule na alikuwa hataki kuukumbuka. "Jana umepiga kelele kule mpaka wenzangu wamenicheka. 'Nimekosa usingizi, mama!' Mtaa mzima umesikia. Wazee wenzako wanaota jua, wewe unapiga mbiu kwenye seng'enge."

"Hatua hamsini, mwanangu. Ninong'oneje?"

"Usinong'one wala usipige kelele. Kaa nyumbani. Mama hajamaliza hata miaka minne kaburini."

Koleo alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga upya.

"Mama yako alikuwa akinisomea barua," akasema taratibu. "Kila barua. Alipoondoka, nyumba hii ikawa haina macho."

"Mimi sipo?"

"Wewe upo, mama. Lakini wewe una safari yako."

Binti aliangalia pembeni. Alikuwa na uchungu, si roho mbaya. "Ukigusa ule uzio watanifukuza kazi. Wametusomea jana. Familia ya mfanyakazi ikikutwa ndani ya njia, mfanyakazi naye anatoka. Usinifanyie hivyo, baba."

"Siugusi," Koleo aliapa.

Akatoka. Alitembea haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

* * *

Sindano alikuwa tayari yupo. Upande wake walikuwepo wengine pia, wanawake wawili wenye ndoo na vijana wanne waliokuja kutazama sinema ya bure. Koleo alipoinua mkono tu, mmoja akapaza sauti, "Bwana harusi ameingia!" Vicheko vikavuka reli bila kuzuiwa na mtu.

Sindano hakugeuka. Alinyoosha kidole chini, penye mtaro. Akanyoosha tena. Kisha akashuka, akapotea machoni.

Koleo alielewa. Pale mtaroni ndipo kalavati lilipochomoza, bomba la zege upana wa pipa, limepita chini ya reli kutoka upande wake hadi upande wa Sindano. Lilitokeza nje ya uzio pande zote mbili. Midomo yake ilizibwa wavu wa chuma, na nyavu hizo alizifunga nani tena kama si yeye. Alishuka, akapiga magoti kwenye tope, akasogeza uso.

"Koleo."

Alishtuka. Sauti ilitoka humo kana kwamba imeanzia ndani ya sikio lake.

"Nipo."

"Usipige kelele. Humu tunasikika kama tuko mto mmoja."

"Mto wa maji au wa kulalia?"

"Wewe nawe!" Akacheka, na kicheko kile kikaja chote, pamoja na ile pumzi ndogo ya mwisho ambayo huwezi kuisikia kwa mtu usiyekaa naye karibu. Siku tatu alikuwa hajaisikia. Koleo alifumba macho. Mbali mbele yake, mwisho wa giza, palikuwa na duara dogo la mwanga kama sahani, na ndani ya sahani hiyo kivuli cha kichwa chenye kilemba.

"Shati lako limekwisha," Sindano akasema. "Kola imekaa vizuri. Naliangalia kila saa, utafikiri litasema kitu."

"Nitalivaa Jumamosi."

"Ukipitia wapi?"

"Nimekodi gari. Tunazunguka darajani. Mjomba analalamika goti, nimemwambia goti haliombi mke, wewe ndiye unayeniombea."

Alitarajia kicheko kingine. Hakikuja.

"Koleo, kaka amerudi safari juzi."

Kaka yake alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuondoka mwezi na kurudi na hasira za mwezi. Siku ya kusaini hakuwepo.

"Amemkuta baba amekaa uzioni anaangalia shamba lake kwa mbali, kama mtu anayeangalia picha. Ameenda kufungua sanduku la baba, ametoa nakala ya karatasi. Ameisoma yote."

Koleo alihisi tope likipoa magotini.

"Anasema wakubwa hawakubadilisha kitu," Sindano aliendelea. "Imeandikwa vile vile tangu mwanzo. Jumamosi, kabla hamjakaa, ataisoma mbele ya wote. Na ameapa."

"Ameapa nini?"

"Kwamba mtu aliyeujua ule mstari wa pili akanyamaza, ndiye aliyemuuza baba. Akiwa mgeni, hapati mke kwetu. Akiwa wa nyumbani..."

"Akiwa wa nyumbani nini?"

"Hajamalizia."

Tone la maji lilidondoka mahali fulani katikati. Koleo alishika wavu kwa vidole vyote kumi. Miezi mitatu alikuwa amelibana jambo hili, na yeye akibana haachii. Lakini koleo nalo lina mahali pa kufungukia.

"Sindano. Mimi siku ile sikuusoma. Nilisoma neno moja nikalewa. Hiyo ni aibu yangu na naikubali." Akasogea karibu zaidi. "Lakini niliujua baadaye. Tangu mabomba yalipokuja. Bwana Ramani aliniambia mwenyewe. Niliujua nikaendelea kufunga uzio."

Kilemba kilisogea ndani ya ile sahani ya mwanga.

"Miezi mitatu?" sauti ikauliza, ndogo.

"Miezi mitatu."

"Ulikuwa unakula chakula changu pale kwenye tuta, unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikikuambia nikiolewa nitakuwa navuka asubuhi kumpikia baba, jioni narudi kwako. Ukaitikia. Ukasema, 'Utakuwa unavuka, mama.' Ulisema hivyo, Koleo!"

"Ningekuambia, ungeacha kuja."

"Ulijuaje? Ulinipima lini?"

"Wa kupima ni wewe. Mimi kupima sijui."

"Usinichekeshe! Nina hasira na sitaki kuchekeshwa!" Lakini sauti ilikuwa imelowa.

Ndipo zege likaanza kutetemeka. Saa kumi na dakika arobaini, treni ya majaribio. Koleo aliinamisha kichwa. Ilipita juu yao kwa kishindo kimoja kirefu, ikiwa tupu, haina abiria hata mmoja, ikiwahi mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiisubiri. Vumbi lilianguka ndani ya kalavati. Koleo alihesabu mpaka tano, ikawa imekwisha pita. Sekunde tano za wakubwa. Kwa ajili ya hizo mzee mmoja hafiki shambani kwake.

"Upo?" aliuliza.

"Mimi niliusoma," Sindano akasema.

Koleo alidhani masikio bado yamejaa kelele. "Unasemaje?"

"Mstari wa pili. Niliusoma. Siku ile ile."

"Lini?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Karatasi ilikuwa mbele yangu. Mimi nimemaliza shule, Koleo, kusoma kwangu ni kupepesa jicho. Nimeona 'cha maji' kabla kidole chako hakijafika kwenye 'ki'." Alivuta kamasi. "Nikafungua mdomo niseme. Halafu wewe ukalimaliza neno. Ukainua uso. Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile. Nikajiambia, nikisema sasa nitamwaibisha mbele ya baba na mbele ya yule bwana wa ramani. Nikajiambia, watakuwa wanajenga na cha watu pia, haiwezekani watu wenye akili wakawakumbuka maji wakawasahau binadamu. Nikanyamaza. Baba akaweka gumba."

Koleo alibandika paji la uso kwenye wavu.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," akasema Sindano. "Ningekuwa naiangalia karatasi, baba angekuwa shambani saa hizi."

Hasira ilimpanda Koleo, lakini haikupata pa kukaa, ikageuka kitu kingine. Hakuna mtu, hata marehemu, aliyewahi kumhifadhia aibu yake kwa gharama kubwa namna ile.

"Sikiliza," akanong'ona. "Jumamosi nitasema mimi. Nitasema nilijua, na ni kweli nilijua. Wewe hukuona kitu."

"Hapana."

"Mimi ni mgeni tu. Mgeni anafukuzwa, anaenda kwake. Wewe utaenda wapi? Yule ni baba yako, unalala nyumba moja naye, unamshika mkono kwenda msalani."

"Halafu nibaki naye maisha yangu yote, nikimdanganya kila nikimpa chai? Na wewe ng'ambo hapo, hatua hamsini, nakuona unazeeka?"

"Bora unione."

"Koleo, wewe mjinga."

"Darasa la nne."

Alicheka akilia. Na katikati ya kicheko hicho, ile sahani ya mwanga kule mwisho ikaingia kivuli cha pili, kipana, kikafunika cha kwanza.

"Dada. Toka hapo."

"Kaka, subiri—"

"Nimesema toka." Kukawa na mkwaruzo, kishindo cha magoti ya mtu mzito. Kisha sauti ya dereva ikaja ndani ya zege, haikupazwa hata kidogo, maana haikuhitaji. "Shemeji mtarajiwa. Najua upo. Nimefika hapa juu sasa hivi tu, nimesikia watu wawili wananyang'anyana mzigo. Nimesikia nusu, na nusu hainitoshi."

Nyuma ya Koleo kokoto zililia. Aligeuka. Binti yake alikuwa amesimama juu ya mtaro na sare yake ya bluu, viatu mkononi, haijulikani tangu saa ngapi. Hakumwambia atoke. Alikaa chini palepale kwenye nyasi, ukosi wa njano ukimpepea shingoni, akamngoja baba yake ajibu.

"Jumamosi ni mbali," dereva alisema. "Baba yupo hapa, nimemshika mkono. Ameuliza, na mimi namuulizia."

Kule mwisho wa giza, nyuma ya kivuli kipana, Koleo alisikia mtu akivuta pumzi ya kutaka kusema. Aliijua pumzi ile. Naye akavuta yake, haraka, ili amuwahi.

"Siku ile, mezani," sauti ya dereva ikapita chini ya reli zote nne, "mstari wa pili nani aliusoma?"